Mdomo Kwanza, Ngumi Baadaye

Tarehe 14 Januari 2023, bondia Mtanzania Karim Mandonga alipanda ulingoni katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kupambana na Mkenya Daniel Wanyonyi. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini, umri ambao mabondia wengi wamekwisha kutundika glovu. Mwaka uliotangulia Shaban Kaoneka alikuwa amemchapa, na video za kipigo kile zilizunguka kwenye simu Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo Mandonga alikuja na ngumi aliyoipa jina, Sugunyo, akawaeleza Wakenya bila kuchoka jinsi itakavyomfanya mwenyeji wao. Wanyonyi alishindwa kuendelea na pambano katika raundi ya tano. Waliokwenda kucheka walijikuta wakishangilia ushindi wa kweli.

Kisa cha mtu wa makamo anayepata nafasi ya pili kwa ngumi, na kuchekesha njiani, sinema imekisimulia kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1915 Charlie Chaplin alitoa The Champion, ambamo mzururaji asiye na chochote anaficha kiatu cha farasi ndani ya glovu na kuwaangusha wababe. Aliporudia mchezo huo katika City Lights, mwaka 1931, alikuwa na miaka 41. Safari hii anapigana ili apate pesa za kumsaidia msichana kipofu. Anajificha nyuma ya mwamuzi, anacheza kama yuko ngomani, anazunguka mpaka mpinzani hajui ampige nani. Mwishowe anapigwa. Tunacheka mpaka machozi, na tunampenda zaidi kwa sababu amepigwa kwa ajili ya mwingine.

Mzururaji huyo hasemi neno, kwa kuwa filamu ni bubu. Lakini hata sinema ilipopata sauti, shujaa wa aina yake aliendelea kuwa mtu wa maneno machache. Rocky wa mwaka 1976 anamung'unya maneno, ni mpole, na anashindwa kwa pointi. Mwenye mdomo ni Apollo Creed, bingwa aliyebuniwa kwa kumtazama Muhammad Ali. Katika Rocky Balboa ya mwaka 2006, Sylvester Stallone akiwa na miaka 60, mzee anarudi ulingoni na kushindwa tena kwa pointi. Korea Kusini walitoa Crying Fist mwaka 2005: bondia wa zamani, aliyewahi kupata medali ya fedha ya Michezo ya Asia, anasimama barabarani na kuwalipisha wapita njia wampige ili watoe hasira zao. Hiyo si filamu ya kuchekesha, ingawa mwanzoni mtu anaweza kutabasamu. Filamu hizi zinakubaliana juu ya jambo moja: heshima ya mnyonge hutoka katika jasho lake. Anayejigamba amewekwa upande wa pili wa ulingo, asubiri kunyenyekezwa.

Kwetu mpangilio huo umegeuzwa. Mwenye tambo ndiye tunayemtaka.

Sababu yake ni ya zamani kuliko masumbwi. Huko Kagera, shujaa alisimama mbele ya mtawala wake akatoa majigambo, akataja ukoo wake, vita alivyopigana na atakavyopigana. Yale hayakuwa majivuno matupu. Aliyesema mbele ya watu alikuwa amejifunga kwa kauli yake, na kurudi nyuma ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai wakati wa Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupambana kwa mabua ya migomba, huku matusi na vijembe vikiruka na wanawake wakiimba. Vijana wamo, na watu wazima wenye wake na wajukuu wamo. Ugomvi wa mwaka mzima unamwagwa pale, kisha watu wanakula pamoja. Mtu wa makamo wa Makunduchi hahitaji filamu impe nafasi ya pili, maana kalenda humpa nyingine kila mwaka.

Mandonga ni mtoto wa mila hizi kuliko anavyohesabiwa. Wachambuzi wengi walimwona kichekesho cha mitandaoni tu, na nadhani walimpunja. Alichokuwa akikiuza si ufundi wa ngumi, kwa kuwa ufundi wake ni wa kawaida. Aliuza ahadi. Kila pambano lilianza wiki kadhaa kabla ya kengele, na likaendelea baada ya mwamuzi kuinua mkono wa mshindi, kwa sababu watu walibaki kusikiliza atakavyoeleza matokeo. Machi 2023 Wanyonyi alilipiza kisasi palepale Nairobi. Umaarufu wa Mandonga haukutikisika. Mtu aliyeshindwa alikuwa bado na neno la kusema, na neno hilo lilikuwa na wateja. Fundi, dereva wa bodaboda au mwalimu aliyefika miaka 43 akiwa amepigwa na maisha mara kadhaa alimwona mtu wa rika lake anayekataa kunyamaza. Hicho ndicho kiini cha kichekesho chake, na ndiyo maana hakichoshi haraka.

Marekani alikuwapo mtu mmoja aliyeziishi mila zote mbili, ya kunyamaza na ya kutamba. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, George Foreman alikuwa bingwa mwenye miaka 25, mnunaji, mwenye nguvu za kutisha. Ali, mwenye miaka 32, alimzidi maneno kabla ya kumzidi ngumi, na mji mzima ukawa upande wa msemaji. Foreman aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri. Aliporudi mwaka 1987 alikuwa mnene, mcheshi, akijitania kuhusu ulafi wake. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45 na amevaa bukta ileile ya Kinshasa, alimwangusha Michael Moorer, kijana wa miaka 26, katika raundi ya kumi. Kwa maoni yangu hakuna filamu iliyokifikia kisa hiki.

Mkenya hawezi kuukumbuka mwaka huo wa Las Vegas kwa furaha peke yake. Julai 1994, katika mji huohuo, Robert Wangila, aliyeiletea Kenya dhahabu ya ngumi kutoka Seoul mwaka 1988, alipigana pambano lililosimamishwa na mwamuzi. Baadaye alipoteza fahamu, akafariki. Alikuwa na miaka 26, sawa na Moorer. Nafasi ya pili hakuipata. Kila tunapocheka mtu akipigwa kichwani, jina la Wangila lazima liwe mezani.

Sasa tukipeleke kisa cha mtu wa makamo na nafasi yake ya pili huko Rapsu, upande wa Kinna katika kaunti ya Isiolo, pembezoni mwa Hifadhi ya Meru. Rapsu haijulikani kwa masumbwi. Inajulikana kwa mifugo na kwa mashamba ya umwagiliaji, na wenyeji wake wengi ni Waborana. Nafasi ya pili ni jambo wanalolijua kwa uchungu. Vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, viliwafungia Waborana wa Isiolo kambini na kuteketeza mifugo yao. Wazee huuita wakati ule Daba. Wanaume waliolala matajiri wa ng'ombe waliamka mikono mitupu, na baadhi yao wakashika jembe ukubwani, kazi ambayo mfugaji hakuihesabu kuwa yake. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zikikosa, umewarudisha wengine pale pale. Baba wa miaka hamsini anayejifunza kufungulia maji ya mfereji yaingie shambani, wanawe wakimtazama, ni mhusika kamili wa kichekesho chenye upendo.

Mila za Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao, zinaongeza mambo mawili ambayo Hollywood na hata Mandonga hawana. La kwanza ni geerarsa, wimbo wa kujisifu. Kwa desturi ya kale aliuimba mtu aliyekwisha kutenda: aliyeua adui au mnyama mkali. Asiye na tendo hakuwa na haki ya kufungua kinywa. Mandonga angeambiwa asubiri. La pili ni gada, mfumo wa marika ambamo uongozi hubadilishwa kila miaka minane. Ndani yake mtoto hupangwa kwa kuhesabu miaka arobaini nyuma ya babake, bila kujali alizaliwa lini. Hivyo mtu anaweza kuwa na mvi akiwa bado kwenye ngazi ya vijana. Waborana wa Isiolo, walioshika Uislamu na kuishi mbali na viini vya mfumo huo, hawaufuati tena kama walio Ethiopia, lakini wazo lenyewe ni la thamani kwa msimulizi. Linasema umri wa mwili si saa pekee ya maisha ya mwanamume, na kwamba kuchelewa hupimwa na jamii.

Ndiyo maana naona filamu ya bondia wa makamo kutoka Rapsu ingekuwa na mvutano wake yenyewe. Mjini, promota angemtaka ajigambe kabla, ili tiketi ziuzwe. Nyumbani, wazee wangemtaka afunge mdomo mpaka atende. Akitii upande mmoja anauvunja mwingine, na vichekesho vyote vinapatikana hapo, bila kumfanya mfugaji kituko cha watu wa Nairobi. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa vichekesho vyetu vya runinga vimezoea kumchora mtu wa kaskazini kama mgeni asiyejua lifti.

Julai 2023 Mandonga alipigwa mjini Mwanza na Moses Golola wa Uganda, mtu mwingine wa maneno mengi, na kamisheni ya ngumi ya Tanzania ikamsimamisha ili afya yake ipimwe. Ilifanya sawasawa. Nawaomba waandishi wetu wa filamu wasinakili Philadelphia ya Rocky. Waandike kwa Kiswahili na Kiborana, wampe shujaa wao mdomo na sababu ya kuufungua, na daktari wamweke kando ya ulingo tangu ukurasa wa kwanza.