Faili la maelekezo: jinsi seva nyingi zinavyopangwa kwa mkupuo

Unapoangalia salio, unapotuma pesa kwa simu au unaposoma ukurasa huu, simu yako inawasiliana na kompyuta iliyo mbali. Kompyuta hiyo huitwa seva. Kazi yake ni kupokea maombi ya watu wengi na kuyajibu usiku na mchana. Huduma kubwa haitegemei seva moja. Huwa nazo kumi, mia au maelfu, na zote zinatakiwa zipangwe sawasawa. Leo tunaeleza mafundi wanavyozipanga, na kwa nini jambo hilo linakuhusu hata kama hujawahi kuiona seva.

Seva moja iliyosahaulika

Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa, ilianza kutumia programu mpya. Siku chache kabla ya hapo, fundi aliiweka kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ikasahaulika. Hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua, wala utaratibu wa maandishi uliotaka ukaguzi huo ufanyike. Soko la hisa la New York lilipofunguliwa, seva ile ya nane iliamsha programu ya zamani na kuanza kumimina maagizo yasiyotakiwa. Ndani ya dakika 45 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Kabla mwaka haujaisha, ilikuwa imekubali kununuliwa na kampuni nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye seva pia ndivyo ilivyo.

Daftari la fundi

Njia inayotumika sana sasa ni kuandika kazi zote kwenye faili, kisha kuiachia kompyuta izifanye. Programu mojawapo ya kazi hiyo ni Ansible, iliyoanzishwa na Mmarekani Michael DeHaan mwaka 2012 na kununuliwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2015. Ni ya bure, na yeyote anaweza kuichukua na kuitumia.

Fundi huandaa vitu viwili. Cha kwanza ni orodha ya seva zake. Cha pili ni faili la maelekezo, lililoandikwa kwa maneno ya kawaida yaliyopangwa mstari kwa mstari. Ansible huingia kwenye kila seva kwa njia salama iitwayo SSH, hufanya kazi zilizoandikwa, kisha hutoa ripoti: seva ipi imebadilishwa, ipi ilikuwa sawa tangu mwanzo, na ipi imeshindikana. Seva ya nane haiwezi kusahaulika kimyakimya maadamu imo kwenye orodha.

Maelekezo hayo hueleza hali inayotakiwa. Ni kama kumwachia mtu wa nyumbani karatasi yenye maneno haya: "Mlango uwe umefungwa. Taa iwe imezimwa." Akikuta mlango umeshafungwa, anauacha. Faili lililoandikwa vizuri unaweza kuliendesha mara kumi, na matokeo yakawa yaleyale.

Kazi zinazoendana, kwa mfano zote za kuandaa seva ya tovuti, hufungwa pamoja kama kifurushi. Kifurushi hicho hutumika tena kwenye seva mpya, au kwenye huduma nyingine kabisa, bila kuandikwa upya.

Kosa nalo husafiri

Chombo kinachofikisha jambo jema kwenye seva mia hufikisha na kosa kwa kasi ileile. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kampuni ilieleza kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake vyote. Programu iliyotakiwa kuizuia amri hiyo nayo ilikuwa na kasoro. Hilo halikutokana na Ansible, lakini funzo ni lilelile.

Ndiyo maana fundi makini hufanya mambo matatu. Kwanza, huendesha faili kwa majaribio, yaani Ansible inamwonyesha kitakachobadilika bila kukibadilisha. Pili, huanza na seva moja au mbili, kisha husonga mbele kwa mafungu. Tatu, humpa mwenzake alisome faili kabla halijatumika.

Linakuhusu vipi?

Shule, zahanati na vyama vya ushirika vinaendelea kuhamishia kumbukumbu zao kwenye kompyuta. Chama chenu kikiletewa mfumo, muulizeni fundi: seva ikiharibika, maelekezo ya kuiandaa upya yameandikwa wapi, na ni nani mwingine anayeweza kuyafuata? Akijibu kwamba yote yamo kichwani mwake, basi siku akiugua au akihama, kumbukumbu za wanachama zitakuwa mashakani. Mtakeni ayaandike, na nakala moja ibaki ofisini kwenu.