Mchoro Umesafiri, Jina Limebaki

Aliyeko Ringwani, wilayani Serengeti mkoani Mara, aweza leo kufungua simu yake akaona picha ya nyumbu na pundamilia waliochorwa kwa rangi za kung'aa, na chini yake bei kwa dola. Wanyama ni wa jirani yake. Muuzaji huenda yuko Ulaya. Na mchoraji ni nani? Hapo mara nyingi hapasemwi neno, na hapo ndipo penye kisa chetu.

Turudi nyuma kidogo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini kabisa mwa nchi, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Alichukua vibao vigumu vya kuezekea dari, akachora juu yake chui, ndege na viboko kwa rangi ile ile ipakwayo baiskeli. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oyster Bay, na wanunuzi walikuwa hasa wageni wa kizungu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu waliyekuwa wakimsaka, akafa. Kazi yake yote ilikuwa ya miaka minne tu!

Naam, lakini aliacha wanafunzi, kadhaa wao jamaa zake, nao wakafundisha wengine, hata mwaka 1990 ukaundwa ushirika wao. Elimu ile ilipatikana kwa kukaa ubavuni mwa fundi na kunakili. Kunakili huko hakukuwa wizi. Ndilo lilikuwa darasa lenyewe. Aliyenakili alimjua aliyemnakili, na aghlabu walikuwa ndugu.

Soko nalo lilikuwa na mahali pake. Mnunuzi alikuja kwa miguu yake, akaishika picha, akamwona aliyeichora. Tena mahitaji ya mnunuzi yalibadili hata kifaa: kwa kuwa kibao hakikunjiki wala hakiingii katika sanduku la msafiri wa ndege, wachoraji wengi wakahamia kwenye turubai.

Mwezi Julai 2009 waya wa kwanza wa intaneti upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja mwingine. Simu zenye kamera zikaenea. Tangu hapo picha haikuhitaji tena kungoja mgeni. Faida yake haikanushiki. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, wakawa laki sita na kitu. Mchoraji aliyekuwa na njia ya kutuma picha zake kwa simu alikuwa na mlango mwingine wa riziki. Asiyekuwa nayo alibaki na ukuta wake uliojaa kazi.

Lakini tazama kilichopotea njiani. Kioo cha simu hakionyeshi unene wa rangi wala mng'ao wake. Chaonyesha umbo na rangi tu, na hayo mawili ndiyo rahisi kuliko yote kuibwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kazi za Edward mwenyewe zilitoka katika ulinzi huo mwisho wa mwaka 2022. Ama mtindo, huo haukulindwa kamwe. Jina la mtu limekuwa jina la bidhaa.

Ajabu ni kwamba intaneti hiyo hiyo yaweza kulihifadhi jina ikitakiwa. Mwezi Machi 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza picha ya Mmarekani ajiitaye Beeple kwa dola milioni 69.3. Haikuwa na turubai wala kibao. Kilichouzwa ni maandishi katika daftari la kompyuta yanayotaja kazi ni ya nani na imehamia kwa nani. Kwa maoni yangu bei ile ilikuwa wazimu, lakini daftari lile lajibu swali ambalo mchoraji wa Dar es Salaam hajibiwi.

Katika mwaka 2022 zilitolewa kwa umma mashine za kuchora zilizofunzwa kwa mabilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni. Mtu huandika neno "tingatinga", na kabla hajamaliza chai yake hupata chui mwenye madoa, aliyekaa vizuri kabisa. Na pembeni, pale ambapo Edward alikuwa akiandika jina lake kwa brashi, pengine huonekana mikwaruzo kama ya herufi, isiyosomeka.