Ubingwa wa 1986 na daftari la kahawa

Mwaka 1986 Manchester United walifungua makumbusho yao pale Old Trafford. Mwaka huo huo huku kwetu, Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa wilaya ya Rungwe uliozungukwa na chai na migomba, ilipanda Ligi Daraja la Kwanza na msimu huo huo ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Sizilinganishi klabu hizi mbili, hazilinganishwi. Naziweka pamoja kwa sababu moja tu: Manchester, viatu vya wachezaji na tiketi za zamani viliwekwa nyuma ya kioo. Tukuyu, mali ya ubingwa ilibaki kwenye vichwa vya watu, na vichwa hivyo sasa vina mvi.

Kwa wasomaji wasiofuatilia mpira, uzito wa jambo lenyewe ni huu. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na tangu ligi ya taifa ianze miaka ya sitini, hizo mbili zimegawana karibu kila kitu. Timu ya mikoani ikichukua ubingwa ni habari ya kusimuliwa: Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Baada ya Mtibwa, ni Azam peke yao waliopenya, msimu wa 2013/14, nao ni wa Dar es Salaam. Kusini mwaka ule ulikuwa wa neema kweli, maana hata ubingwa wa Muungano ulikwenda Songea kwa Maji Maji. Tukuyu hawakuupata tena.

Mimi nimekuwa nikiutafuta ubingwa huo Nanyala. Najua utauliza: Nanyala na Tukuyu wapi na wapi? Leo Nanyala iko wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu ya Tunduma, kule ambako malori ya Zambia na Kongo yanapumua kwa shida kwenye mteremko wa Senjele. Lakini mkoa wa Songwe umezaliwa 2016. Mwaka 1986 Mbozi ilikuwa Mbeya, na Tukuyu ilikuwa Mbeya. Mnyiha wa Nanyala hakuhitaji kujua Kinyakyusa ili kuwaita Banyambala, yaani wanaume. Walikuwa wanaume wa mkoa wake.

Nilitaka kujua watu wa hapa, ambao wengi hawakuwahi kukanyaga uwanja walikocheza Banyambala, waliupataje ubingwa ule, na nini kimebaki mikononi mwao.

Walichokuwa nacho ni redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo kwa mtu wa Nanyala ubingwa ule haukuwa na picha hata moja inayotembea. Ulikuwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti yenyewe ilitegemea betri. Ile ilikuwa miaka ya uhaba, sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, na betri hali kadhalika. Wazee wote niliozungumza nao, bila kuulizwa, walinieleza jinsi ya kuanika betri juani ili zipate nguvu kidogo. Mmoja alinionyesha redio yake ya National, imepasuka upande, waya wa baiskeli ukiwa ndio antena. Haiongei tena. Nilipomuuliza kwa nini hajaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita kila wiki, alinitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, humu ndimo alimokuwa anapita Aswile."

Alimaanisha Godwin Aswile. Hakuwahi kumwona kwa macho.

Baada ya redio lilikuja gazeti. Uhuru na Mzalendo vilifika huku vimechelewa siku kadhaa, vikasomwa na watu wengi, kisha vikafanya kazi nyingine. Ukurasa mmoja ulifunga maandazi, mwingine ulisokota tumbaku. Zilizobahatika zilibandikwa ukutani kwa uji wa unga, kuzuia vumbi la udongo lisianguke kitandani. Mama mmoja aliniambia alijifunza kusoma vizuri kwa kusoma ukuta wa chumba cha kaka zake, na ukuta huo ulikuwa na timu ya mpira imesimama kwa mistari miwili, waliochuchumaa mbele na mpira katikati. Nikamuuliza ukuta uko wapi. Akacheka. Kaka zake walijenga ya tofali za kuchoma na bati miaka ya tisini, ile ya udongo ikabomolewa. Maendeleo yalipokuja, yaliondoka na maktaba. Sisemi wangebaki kwenye udongo. Nasema hakuna aliyejua kwamba anabomoa pia kumbukumbu.

Kitu cha tatu ndicho kilichonifanya niandike. Ni daftari la mzee aliyekuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha msingi, amefariki miaka michache iliyopita. Upande mmoja wa daftari kuna majina ya wakulima na kilo zao. Ukiligeuza na kuanzia nyuma, kuna mpira: tarehe, timu mbili, magoli, na mara chache neno moja tu pembeni, kama "mvua" au "hasira". Aliandika akiwa na redio sikioni. Hakuna aliyemtuma. Mwandiko ni ule ule wa kilo za kahawa, umenyooka, hauna mbwembwe, kana kwamba goli nalo ni kitu cha kupimwa na kutolewa risiti.

Lakini katikati kuna kurasa zimechanwa. Wajukuu walihitaji karatasi za hesabu za shule. Na kurasa zilizochanwa ndizo za miezi ya mwisho, zile ambazo mtu yeyote angetaka kuziona. Nilikaa na wazee wawili, marafiki wa marehemu, wakabishana nusu saa nzima kuhusu mechi moja. Mmoja anasema Justin Mtekere ndiye aliyefunga. Mwenzake anasema wewe umezeeka, unachanganya na mechi nyingine. Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja anakumbuka hata alikuwa amekaa wapi. Mwishowe mmoja akasema, "Angekuwepo karani angetuamulia." Wakanyamaza wote.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema sisi ni watu wa simulizi, kwa hiyo tusihangaike na makaratasi. Simulizi ni tamu, lakini inamhitaji mtu wa pili wa kuipinga na kitu cha tatu cha kuwapatanisha. Redio iliyopasuka haithibitishi goli la mtu. Inathibitisha kwamba mkulima wa kahawa alijiona ameshinda kitu cha taifa bila kutoka kijijini kwake, na hilo nalo ni historia ya klabu, hata kama halimo kwenye orodha ya mabingwa. Daftari linathibitisha yote mawili.

Mwaka 2026 ubingwa ule unatimiza miaka 40. Sitegemei makumbusho yenye kioo, na vijana wa Nanyala niliowakuta uwanjani wamevaa jezi za Simba na Yanga, hawadaiwi kitu na mtu. Ila simu wanayotumia kuangalia ligi ya Uingereza inapiga picha na inarekodi sauti. Kama unatoka Rungwe, Mbozi, Kyela au Ileje na nyumbani kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha babu, lifungue naye akiwepo. Muulize nani yuko kwenye picha, uandike majina nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino inayopenya karatasi. Daftari la karani nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kilo za kahawa. Lenyewe nimeliacha kwa familia, na yule mjukuu mkubwa, aliyechana kurasa kwa ajili ya hesabu, ndiye sasa amelifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulipandisha juu ya kabati.