Vikao vya Mji: Historia ya Mabaraza ya Jinja na Mbale



Askari polisi anayepangiwa zamu ya usiku katika barabara ya Main Street mjini Jinja, au kando ya mnara wa saa mjini Mbale, hukutana na kazi za baraza la mji kabla hajakutana na mhalifu yeyote. Taa ya barabarani inayowaka au isiyowaka, mtaro uliozibuliwa au ulioziba, kibanda kilichojengwa juu ya njia ya waendao kwa miguu, leseni ya mwenye kilabu cha pombe, saa ya kufunga soko: hayo yote yamepita mikononi mwa watu waliokaa mezani wakajadiliana, na karani akaandika. Habari za vikao hivyo hazitangazwi mara nyingi, kwa sababu hazina kishindo. Lakini historia ya miji hii miwili ya mashariki ya Uganda yaonyesha kwamba kila vikao vilipokoma, au vilipokaliwa na watu ambao wenye mji hawakuwachagua, mzigo uliwaangukia upesi wale waliovaa sare.

Jinja ulianza kuwa mji wa serikali mwaka 1901, wakati makao ya utawala wa kikoloni katika Busoga yalipohamishwa kutoka Iganga na kupelekwa pale mto Nile unapotoka ziwani. Hata kabla ya hapo, mwambao huo ulikuwa umekwisha kujulikana kwa mambo ya kijeshi. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa katika utumishi wa Waingereza waliasi, wakaishika ngome ya Luba katika Busoga, si mbali na palipokuja kujengwa Jinja. Malalamiko yao yalikuwa mshahara mdogo uliocheleweshwa na safari zisizokwisha. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, maana mshahara uliwahi kuitikisa tena Jinja miaka 67 baadaye.

Mbale una asili nyingine kabisa. Huo haukuanzishwa na afisa wa Kiingereza, bali na Semei Kakungulu, jemadari kutoka Buganda, aliyezivamia nchi za mashariki kuanzia mwaka 1899 akizifungua kwa bunduki, akijenga ngome na kukata barabara. Waingereza walipomwondoa katika ngome yake ya Budaka, alihamia chini ya mlima wa Masaba, na hapo ukaota mji wenye wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili. Ulipostawi, serikali ya kikoloni ikaufuata, ikaweka ofisi yake hapo hapo. Kisha ikamhamisha mwanzilishi. Mwaka 1906 Kakungulu alipelekwa Jinja kuwa rais wa Lukiiko ya Busoga, akaushika wadhifa huo hadi mwaka 1913, ndipo akarudi Mbale alikofariki mwaka 1928. Hivyo mtu mmoja aliuanzisha mji wa Mbale na pia akaongoza baraza kubwa la machifu katika Jinja. Kwa jicho la leo hakuwa kiongozi wa kuchaguliwa, na wenyeji wengi wa Bugisu na Bukedi hawakumpokea kwa ridhaa. Hata hivyo yeye alijua, kuliko mabwana zake, kwamba mji ni barabara, soko na watu wanaokaa karibu karibu.

Lukiiko ya Busoga haikuwa baraza la mji. Jambo hili lilileta utata mrefu. Sheria ya Miji ya mwaka 1903 ilikata mipaka na kuutenga mji na nchi iliyouzunguka. Ndani ya mpaka alitawala ofisa wa wilaya pamoja na bodi ndogo ya watu walioteuliwa, yaani maofisa wa serikali wakisaidiwa na wafanyabiashara wachache wa Kizungu na Kihindi. Nje ya mpaka walitawala machifu. Katika Busoga makao ya machifu yaliwekwa Bugembe, mwendo mfupi kutoka Jinja, lakini kisheria palikuwa kama nchi nyingine. Mwafrika aliyefanya kazi mjini alihesabiwa kama mgeni aliyekuja kwa muda, mwenye baraza lake huko kijijini kwao, na kwa hiyo kwa muda mrefu hakupewa kiti katika bodi iliyomwamuru wapi alale na wapi auze ndizi zake.

Shughuli za bodi hizo zilikuwa za kila siku: machinjio, soko, visima, vyoo vya ndoo, mbuzi wanaorandaranda, leseni za maduka, ramani za majengo. Aliyeogopwa zaidi alikuwa Bwana Afya. Hofu ya maradhi haikuwa ya bure, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno katika Busoga na mwambao wa ziwa, hata Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe ukingoni mwa maji. Lakini afya ilitumika pia kuwa kisingizio. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1913 kuchunguza usafi wa miji, alipendekeza wakazi wagawanywe kwa rangi, na kati yao iachwe ardhi tupu. Mbu, bila shaka, hakuusoma mpango huo. Ramani za miji mingi ya Uganda zilichorwa kwa mawazo hayo, na askari anayetembea leo kutoka sehemu ya majumba yenye bustani hadi sehemu ya vyumba vilivyobanana anaukanyaga mpaka ule wa zamani.

Mambo yalibadilika kwa kasi katika Jinja baada ya Vita Kuu ya Pili, ujenzi wa bwawa la Owen Falls ulipoanza. Bwawa lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, na maporomoko ya Ripon yakamezwa na maji. Vikafuata viwanda, kikiwemo kile cha nguo kilichojulikana kwa jina la Nytil. Maelfu ya wafanyakazi walifika kutoka kila upande, hata kutoka Kenya, na Kiswahili kikapata nguvu katika viwanda, reli na kambi. Cyril na Rhona Sofer, waliouchunguza mji huo wakati ule, walichapisha kitabu chao mwaka 1955 wakauita mji uliogeuzwa. Wafanyakazi hao walihitaji mahali pa kulala, ndipo mtaa wa Walukuba ukajengwa. Kuanzia hapo ajenda za mji zilibadilika sura: kodi ya chumba, mabomba ya maji taka, mabasi, shule, zahanati. Umeme ulitoka mtoni hapo hapo, lakini kuufikisha kwenye nguzo ya mtaa wa mfanyakazi lilikuwa jambo la fedha, na fedha ni jambo la kikao.

Mbale nako mgogoro ulikuwa wa ardhi. Mwaka 1954 wilaya za Bugisu na Bukedi zilitenganishwa, na zote mbili zikabaki na makao yao katika mji huo mmoja. Kila moja ilidai mji ni wake. Ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba Katiba ya uhuru ya mwaka 1962, ilipozitaja sehemu za Uganda, iliutaja Mbale peke yake kuwa eneo mbali na Bugisu na mbali na Bukedi. Ni ajabu kidogo kwa mji mdogo kupewa mstari wake katika Katiba ya nchi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwishowe makao ya Bukedi yalihamia Tororo, na Mbale ukabaki upande wa Bugisu.

Kabla ya hapo polisi walikuwa wamekwisha kuonja matunda ya utawala mbaya wa mambo madogo. Mnamo Januari 1960 ghasia zilizuka Bukedi na kuenea hadi Bugisu, na watu waliuawa. Chanzo hakikuwa siasa za juu. Kilikuwa makadirio ya kodi. Wananchi waliona kuwa machifu na kamati zao wanawakadiria watu kwa upendeleo, kwamba maskini anaandikiwa kiasi cha tajiri, na rufaa zao hazisikilizwi. Kosa lilifanyika mezani, kwa kalamu, na aliyetumwa kulizima barabarani akiwa na bunduki alikuwa askari ambaye hakuwa na sauti katika makadirio hayo. Tume iliyoundwa kuchunguza ghasia hizo ilikuta malalamiko hayo yana mizizi.

Katika miaka ya 1960 miji yote miwili ilisifiwa. Jinja ulikuwa mji wa viwanda, na Mbale ulipata jina la mji safi kuliko yote katika Uganda, sifa ambayo wazee wa huko wanaitaja hadi leo kwa uchungu kidogo. Usafi ule ulitokana na gari la taka lililopita siku iliyopangwa, wafagiaji waliolipwa mwisho wa mwezi, kodi ya majengo iliyokusanywa kwa wakati, na madiwani waliouliza maswali fedha zilipopungua. Sheria ya mwaka 1964 iliyahusu mabaraza ya miji, lakini mwaka 1967 Serikali Kuu ilijivutia madaraka mengi juu ya tawala za wilaya, na uhuru wa mabaraza ukaanza kubanwa hata kabla ya mapinduzi.

Tarehe 23 Januari 1964, siku chache baada ya maasi ya Tanganyika, askari wa kambi ya Jinja waligoma wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika, wakamzuia Waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Serikali iliita majeshi ya Uingereza, na maasi yakazimwa bila vita. Mishahara iliongezwa. Wapo walioliona jambo hilo kuwa la kambini tu, lisilowahusu raia wa mjini. Waliona makosa. Somo lililobaki vichwani mwa baadhi ya wanajeshi lilikuwa kwamba mlango wa serikali hufunguka ukigongwa kwa kitako cha bunduki.

Idi Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, mabaraza yaliyochaguliwa yalivunjwa. Agosti 1972 akatangaza kufukuzwa kwa Waasia, akawapa siku 90. Katika Jinja na Mbale, ambako maduka mengi na majengo mengi yalikuwa mali yao, tangazo hilo lilipiga kitovu cha hazina ya mji. Nyumba ziligawiwa watu wapya, wengi wao wenye vyeo au wenye jamaa wenye vyeo, na haikuwa rahisi kwa karani wa mji kumpelekea mkubwa wa jeshi hati ya kodi ya majengo. Mwaka 1973 nchi ikakatwa katika majimbo chini ya magavana, wengi wao wanajeshi, Jinja ukiwa makao ya jimbo la Busoga na Mbale makao ya jimbo la Mashariki. Gavana aliweza kuamuru mji usafishwe kesho, na kesho yake watu wakafagia. Kilichokosekana ni kesho kutwa. Amri haina bajeti, haina vipuri vya pampu ya maji, wala haina mtu wa kusimama na kuuliza fedha za soko zimekwenda wapi. Sare ilifanya kazi ya diwani, nayo haikufundishwa kazi hiyo. Mwananchi aliyekosa maji hakumlaumu waziri wala mweka hazina, alimlaumu askari, kwa kuwa ndiye serikali pekee aliyoiona.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yaliingia Jinja Aprili 1979, na bwawa likaokolewa likiwa zima. Mji wenyewe ulikuwa umechoka. Hesabu ya watu ya mwaka 1980 ilikuta Jinja ina watu 45,060, wachache kuliko waliohesabiwa mwaka 1969, jambo lisilo la kawaida kwa mji wa Afrika.

Kurudi kwa mabaraza kulikuwa kwa hatua. Mabaraza ya upinzani yaliyoundwa na jeshi la NRA wakati wa vita vya msituni yaliwekewa sheria mwaka 1987, Katiba ya mwaka 1995 ikayapa madaraka zaidi, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikaweka bayana meya, madiwani, karani wa mji na kamati zao. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 208, inalitaka jeshi liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Mali za Waasia zilirudishwa kwa wingi katika miaka ya 1990, na majengo ya Main Street yakaanza kupakwa rangi tena. Lakini mwaka 2005 kodi waliyokadiriwa wanaume kwa kipato ilisimamishwa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki baada ya miaka mingi ya kuviziwa alfajiri na wakusanyaji. Mabaraza yalipoteza pato kubwa bila kupewa lenye kutosha mahali pake, na tangu hapo yamezidi kutegemea fedha za Kampala, ambazo nyingi hufika zikiwa zimekwisha kupangiwa matumizi.

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale ilipandishwa kuwa majiji. Mipaka ikapanuliwa, na Bugembe, makao ya zamani ya machifu, ikaingizwa ndani ya Jinja. Vijiji vilivyokuwa nje vikaanza kudai taa na barabara, huku wenye mashamba wakiogopa kodi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika katika Mbale, ikaua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba. Polisi na wanajeshi waliingia majini kutafuta miili. Nyumba nyingi zilizosombwa zilikuwa zimejengwa ukingoni kabisa mwa mto, mahali ambapo ramani ya mji haikuruhusu ujenzi, na kila moja ilipanda tofali kwa tofali, mchana, huku kamati ya mipango ya mji ikiwa na mamlaka ya kuisimamisha.