Miraji: Makureshi walipohoji safari ya ardhini

Mtume Muhammad (S.A.W.) alipowaeleza watu wa Makka yaliyomfika usiku wa Miraji, ubishi wao haukuanzia mbinguni. Ulianzia njiani. Makureshi walikuwa wafanyabiashara wa misafara, njia ya Sham wakiijua kisima kwa kisima, na kwa ngamia walihesabu mwezi mzima kwenda na mwezi mwingine kurudi. Mtu anayesema amefika Baitul Muqaddas (Yerusalemu), huko Sham, na kurejea kabla ya alfajiri alikuwa ameigusa elimu waliyojivunia kuliko zote.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, pa kuanzia anayetaka kuielewa Israa (safari ya ardhini) na Miraji (kupaa mbinguni), na wasimulizi wetu wengi hupapita mbio ili wawahi mbingu saba.

Kauli mashuhuri huuweka usiku huo karibu mwaka mmoja kabla ya Hijra, baada ya Mwaka wa Huzuni. Bani Hashim, ukoo wa Mtume, walikuwa wametoka katika kususiwa na Makureshi kwa miaka kama mitatu. Akafariki Abu Talib, ami yake aliyemkinga, na kwa muda mfupi tu akafariki mkewe, Bi Khadija. Mtume akaenda Taif kutafuta wa kumsikiliza. Wakuu wa mji wakawachochea watumwa na watoto wao, wakamfukuza kwa mawe hadi miguu ikatoka damu. Aliporudi hakuweza kuingia Makka, mji aliozaliwa, mpaka Mut'im bin Adiy, mtu ambaye hakuwa Mwislamu, alipokubali kumpa ulinzi. Mtume aliyepitia hayo yote ndiye aliyechukuliwa usiku.

Qur'ani yenyewe imelitaja tukio kwa maneno machache: aya ya kwanza ya Sura ya 17 inataja safari kutoka Msikiti Mtakatifu hadi Msikiti wa Mbali, na mwanzo wa Sura ya 53 unataja yaliyoonekana kwenye Mkunazi wa mwisho, Sidratul Muntaha. Mnyama Buraki, malaika Jibrili akibisha hodi kwenye kila mbingu, Mitume waliompokea kuanzia Adam mpaka Ibrahim, yote hayo tumeyapata kwa hadithi, zikiwemo za Anas bin Malik zilizomo katika Bukhari na Muslim.

Na huko Baitul Muqaddas kulikuwa na nini? Waajemi walikuwa wameuteka mji kutoka kwa Warumi mwaka 614. Hekalu la kale lilikuwa limebomolewa tangu mwaka 70, ukabaki uwanja wake. Kuba la dhahabu tunaloliona kwenye picha za ukutani lilijengwa na Khalifa Abdul Malik bin Marwan, likakamilika mwaka 72 Hijria, na silo msikiti wa Al-Aqsa uliopo kusini ya uwanja huohuo. Aya inazungumzia mahali patakatifu, kabla ya majengo hayo kuwapo.

Makureshi wakamtaka Mtume auelezee mji wa Baitul Muqaddas. Alikuwa amesimama Hijr, pembeni ya Kaaba, na hadithi inasema Mwenyezi Mungu alimdhihirishia mji huo, akawa anautazama huku akiwajibu. Sira ya Ibn Ishaq, iliyotufikia kupitia kwa Ibn Hisham, inaongeza kisa cha msafara aliopishana nao: watu wamelala, akanywa maji yao na kukirudishia chombo kifuniko chake. Akawaambia ngamia anayeongoza amebeba magunia mawili, moja jeusi, jingine la rangi mchanganyiko. Watu wakatoka kwenda kuutazama, wakaukuta kama alivyosema.

Abu Bakr, sahaba wake, hakungoja msafara. Alijibu kwamba kama Muhammad kasema, basi ni kweli, kwani yeye alikwisha kumsadiki katika lililo kubwa zaidi, habari zinazomshukia kutoka mbinguni.

Zipo riwaya, mojawapo ikinasibishwa kwa Bi Aisha, zinazosema safari ilikuwa ya roho. Wanazuoni walio wengi wanashikilia kuwa ilikuwa kwa mwili na roho, na hoja yao inanitosha: ingekuwa ndoto, Makureshi wasingekuwa na la kupinga. Nani amewahi kubishiwa kwa kuota yuko Sham?

Kuhusu tarehe, misikiti mingi ya pwani yetu husoma Miraji usiku wa kuamkia mwezi 27 Rajabu, ingawa wanazuoni hawakuafikiana juu ya siku wala mwezi, na wako wanaopinga kuuadhimisha. Kuhusu swala hakuna hitilafu. Zilifaradhishwa 50, Nabii Musa akamhimiza Mtume arudi kuomba tahafifu mara baada ya mara, kwa kuwa aliwajua watu wake Bani Israili na udhaifu wao, mpaka zikabaki tano zenye malipo ya 50. Waislamu wakaziswali wakielekea Baitul Muqaddas, mji uleule Makureshi waliomhoji habari zake, hadi miezi 16 au 17 baada ya kuhamia Madina, kibla kilipogeuzwa kuelekea Kaaba.