Tausi wa Milledgeville

Mwaka 1952 mwandishi mmoja wa miaka 27, Flannery O'Connor, aliagiza tausi kutoka Florida wapelekwe shambani kwa mama yake, nje kidogo ya mji wa Milledgeville, jimbo la Georgia, Marekani. Sisi wa Dar es Salaam tausi tunawajua wa Ikulu, ndege wa fahari. Wasomaji wengi wa O'Connor nao huwachukulia wale wake kama pambo tu la maisha ya msanii. Mimi nadhani wanatuambia jambo kubwa zaidi. Mtu anayejiandaa kuondoka haanzi kufuga tausi. Na hadi kiangazi cha mwaka huo, O'Connor alikuwa bado anajiandaa kuondoka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Lupasi ni hali ambayo kinga ya mwili inageukia mwili wenyewe, kama sungusungu wanaoacha kumfukuza mwizi wakaanza kumpiga mwenye nyumba. Huumiza viungo, ngozi, figo, damu. Hutulia, kisha hurudi. O'Connor aliifahamu tangu akiwa binti, maana baba yake, Edward, alifariki kwa lupasi Februari 1941. Flannery alikuwa na miaka 15.

Mwishoni mwa 1950, akisafiri kwa treni kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, naye akaugua vibaya. Ila kati ya baba na binti kulikuwa na miaka kumi, na miaka hiyo ilibadilisha kila kitu. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic, Malcolm Hargraves na wenzake walieleza seli ambayo ilisaidia kuitambua lupasi. Mwaka huohuo, palepale, Philip Hench na wenzake walimpa kortisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, na baada ya siku chache akaamka na kutembea. Kufikia 1950 kazi hiyo ilikuwa imeshapata Tuzo ya Nobel. Baba alikufa kabla ya dawa hizo. Binti alitibiwa kwa sindano za ACTH, homoni iliyotolewa kwenye tezi za nguruwe. Ilimwokoa, lakini kwa gharama: uso ulivimba, nywele zilipungua, na baadaye mifupa ya nyonga ikadhoofika hadi akawa anatembea kwa magongo.

Sasa njoo kwenye sehemu inayonigusa zaidi. Mama yake, Regina, aliujua ukweli, akamficha. Binti aliachwa aamini kwamba ana baridi yabisi. Mama aliona kwamba, baada ya kumzika baba, jina la lupasi lenyewe lingemmaliza. Kwa hiyo kwa mwaka na zaidi Flannery aliendelea kupanga kurudi Connecticut, alikokuwa akiishi kwa marafiki zake, akina Fitzgerald. Riwaya yake ya kwanza, Wise Blood, ilikuwa imetoka Mei 1952. Kiangazi hicho alikwenda kuwatembelea, na huko Sally Fitzgerald akaamua kumwambia.

Hapo msomaji wa kwetu hahitaji maelezo marefu. Nani hajawahi kusikia, "Msimwambie, atakata tamaa"? Katika familia yetu kuna dada aliyezunguka miaka miwili na maumivu ya viungo: mara malaria, mara uchovu wa kazi, mara kuna mtu kamtupia jicho. Jibu lilipopatikana, wazee walikaa kikao yeye akiwa hayupo. Yeye mwenyewe aliambiwa wa mwisho. Upendo ulikuwepo, sikatai. Lakini ilikuwa vigumu kwake kupanga maisha yake kwa kutumia habari za uongo.

O'Connor, alipojua, alipanga. Aliomba vitu vyake vilivyobaki Connecticut vitumwe Georgia. Akaagiza tausi. Aliandika asubuhi, saa chache tu, kila siku, kwa sababu nguvu zake ziliishia hapo. Mchana alipokea wageni, aliandika barua, alilisha ndege. Mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi ulitoka 1955, riwaya ya pili 1960, na katikati alisafiri na magongo yake kwenda kutoa mihadhara vyuoni. Kuishi vizuri kwake kulikuwa hesabu: nina saa ngapi leo, na nizitumie wapi?

Simfanyi mtakatifu. Katika barua zake kuna maneno ya kibaguzi dhidi ya watu weusi ambayo yanauma kuyasoma, na mwaka 2020 Loyola University Maryland ililiondoa jina lake kwenye jengo la wanafunzi. Ugonjwa haumsafishi mtu. Tunapomgeuza mgonjwa kuwa malaika, tunamnyima tena ukweli, kwa njia nyingine.

Mwaka 1964 alifanyiwa upasuaji, na lupasi iliyokuwa imetulia ikaamka. Hospitalini alificha karatasi za hadithi chini ya mto ili aendelee kuandika. Alifariki tarehe 3 Agosti, akiwa na miaka 39. Hadithi zake zote zilipokusanywa katika kitabu kimoja, kilipata National Book Award ya 1972.

Kama hujamsoma, anza na "Good Country People". Ina mwanamke msomi, mgonjwa wa moyo mwenye mguu wa bandia, anayeishi shambani kwa mama yake na kujiona anajua kila kitu, mpaka muuza Biblia anapoupanda ujanja wake na kuondoka na ule mguu. Nilicheka, kisha nikakumbuka ni nani aliyeiandika na wapi. Hakuna huruma hata moja anayoiomba pale. Nimemwazima dada yangu kitabu hicho. Ameniambia hajakirudisha kwa sababu bado anakicheka.