Mnyama Asiyekuwapo na Panya wa Morogoro

Ndugu msomaji, ameingia majumbani mwetu mnyama asiyechafua mkeka wala asiyeiba samaki jikoni. Makao yake ni ndani ya simu. Mtoto huielekeza kamera ya simu barazani, na juu ya kioo baraza yako ikaonekana vile vile ilivyo, na mkeka wake na viatu vyake mlangoni. Ila juu ya mkeka ule yumo mnyama mdogo mwenye manyoya, anarukaruka. Inua macho utazame baraza yenyewe: hapana kitu. Hata hivyo mtoto humlisha, humpapasa kwa ncha ya kidole, humpa jina, hutoka naye kumtembeza. Na aghlabu wakati huo huo paka wa nyumba yuko mlangoni analia njaa, na hapana amwangaliaye.

Wengi wetu tukiyaona haya husema ni upuuzi, na maneno yakaishia hapo. Mimi sikubali. Upuuzi mtupu haumshiki mtoto hata akasahau chakula chake mwenyewe. Kipo kitu kinachomshika, nacho kina tarikhi yake. Na sehemu ya tarikhi hiyo iko karibu nasi kuliko tunavyodhani, huko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Lakini hapana budi tuanzie mbali kidogo.

Tarehe 23 Novemba 1996, kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa madukani kitu kidogo mfano wa yai, chenye vifungo vitatu na kioo kidogo, kikiitwa Tamagotchi. Waliokibuni ni Akihiro Yokoi na Aki Maita. Ndani yake mlikuwa na kiumbe cha picha, vidoadoa tu vyeusi. Kikiona njaa kililia "pii, pii". Kikijichafua kilitaka kusafishwa, kikiugua kilitaka dawa, na ukikipuuza kilikufa. Watoto wakaenda nacho madarasani, shule nyingi zikakipiga marufuku, na wazazi wakajikuta wanalea yai kazini kwa niaba ya watoto wao. Kwa miaka iliyofuata yaliuzwa mayai hayo zaidi ya milioni 80. Mwaka wa 1997 mabwana na mabibi wa mzaha huko Marekani waliwapa wabunifu wale tuzo ya uchumi ya Ig Nobel, kwa kuyahamisha mamilioni ya saa za kazi za wanadamu na kuyaingiza katika ufugaji wa wanyama wasiokuwapo!

Bibi mmoja mwanachuoni wa Chuo cha MIT, Sherry Turkle, hakucheka. Alikaa na watoto akawatazama. Aliyoyaona ni kwamba chombo kikimwomba mtoto akilee, mtoto hukipenda. Yaani mapenzi huja nyuma ya ulezi, si mbele yake. Akina mama wetu hawahitaji kwenda chuoni kuambiwa hilo. Mwulize aliyelea mtoto wa ndugu yake.

Wala asije mtu akadhani kwamba dini yetu inaudharau moyo wa mtoto mbele ya mnyama. Abu Umayr, ndugu yake Anas, alikuwa mtoto mdogo mwenye kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume s.a.w. alikuwa akimwuliza habari za kindege chake kwa upole na bashasha. Ibnul Qass, katika wanavyuoni wa kale, aliitungia hadithi hiyo fupi kitabu kidogo akatoa ndani yake faida sitini. Mtoto na kindege chake havikuwa jambo dogo kwa watu wale. Lakini kile kilikuwa kindege chenye damu.

Haya ni ya moyo. Yapo na ya pili, nayo ni ya ujanja. Kuanzia miaka ya 1930 mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alimtia panya ndani ya sanduku lenye kijiti. Panya akikigusa kijiti, huanguka punje ya chakula. Punje ikianguka kila mara, panya hula akashiba akaondoka. Bali ikianguka safari moja, kisha isianguke, kisha ianguke tena pasipo kutazamiwa, panya hugonga kijiti kile bila ya kuchoka, na hata chakula kikikatwa kabisa huendelea kugonga muda mrefu. (Bwana huyu wakati wa Vita Kuu ya Pili alijaribu hata kuwafunza njiwa waongoze mabomu. Jeshi halikuyachukua maarifa hayo, na njiwa wakasalimika.)

Sasa utazame mchezo wa simu. Julai 2016 ilitoka Pokémon GO, watu wakaacha viti vyao wakatembea mitaani na simu mikononi kuwatafuta wanyama wa picha. Hujui yupi atatokea, wala lini. Nyingi hutoka dufu, mara moja akatoka wa tunu. Mei 2023 kampuni ile ile, Niantic, ikaleta Peridot, na hapa ndipo alipoingia mnyama wa kulea juu ya mkeka wako: humzalisha, humkuza, huchanganya mbegu, na kila mtoto anayetoka ana sura yake peke yake. Ulamaa wa Saudi Arabia walikuwa wamekwisha toa fatwa ya kuikataza Pokémon mwaka wa 2001, zama za karata, na moja katika hoja zao ni kwamba ndani yake mna kamari. Wako waliowacheka. Nadhani waliocheka hawakumsoma Skinner.

Basi twende Morogoro. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hukufikisha kutoka Dar es Salaam kwa muda usiotimia saa mbili, na milima ya Uluguru hukupokea ungali garini. Chini yake kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na katika viwanja vyake, tangu mwaka wa 2000, panafunzwa panya. Si hawa wadogo wa darini. Ni panya buku, wa pori letu, mkubwa kadiri ya paka mdogo, mwenye mifuko mashavuni ya kubebea chakula. Natambua msomaji wangu atakunja uso. Panya ni katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, na hapana nyumba ya pwani imkaribishayo. Hata hivyo nisikilize.

Mbelgiji aitwaye Bart Weetjens, aliyekuwa akifuga panya utotoni, alifikiri kwamba pua ya mnyama huyu yaweza kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na uzito wake hautoshi kuyalipua. Akaanzisha shirika la APOPO mwaka wa 1997, na kazi ikahamia Morogoro. Mafunzo yenyewe ni haya. Mkufunzi ana kidude kidogo mkononi kinacholia "tik". Panya akifanya sawa, tik, kisha ndizi au karanga. Baada ya siku nyingi panya huupenda mlio wenyewe, kwani ameyakinisha kwamba nyuma yake mna ndizi. Kwa miezi tisa au mwaka mzima hufunzwa kunusa baruti na kukwaruza ardhi pale ilipo, huku ameifuata kamba iliyonyooshwa kutoka mtu hata mtu. Akihitimu, uwanja wa tenisi huumaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye chombo cha kutafutia chuma yaweza kumchukua hata siku nne. Panya wa Morogoro walikuwamo katika kazi ya kuisafisha Msumbiji, iliyotangazwa mwaka wa 2015 kuwa imetoka katika mabomu. Wengine tangu 2007 wananusa makohozi ya wagonjwa ili kutafuta kifua kikuu, na sampuli 100 kwao ni kazi ya dakika 20.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, ndugu yangu. Mlio wa "tik" wa Morogoro na mlio wa simu ya mwanao ni ndugu wa baba mmoja. Panya husikia tik akageuka. Mtoto yuko mezani, simu ikalia "ting", naye akageuka vile vile, na kijiko ki njiani. Katika uwanja wa Morogoro anajulikana aliyeshika kidude, yajulikana na anachokitaka: bomu moja lililofukiwa, mgonjwa mmoja aliyefichikana. Na panya hupata ndizi ya kweli, ikaingia tumboni. Nyumbani kwako ni nani aliyeshika kidude? Mtoto anadhani ni yeye anayemfunza mnyama. Mwulize, pasina kumpokonya simu, ni nani aliyemfunza yeye kukimbilia mlio ule, na malipo yake ni nini.

Na watu wa Morogoro wamelifanya jambo jingine, la ajabu zaidi. Mtu aliyeko Ulaya au Marekani aweza kumlea panya mmoja kwa mbali: hutoa fedha kila mwezi, hupewa cheti, na huletewa habari za panya wake na masomo yake. Hamgusi, hamnusi, humwona kiooni tu. Ukilitazama kwa juu, ni Tamagotchi nyingine. Lakini nyuma ya kioo hiki yumo mnyama anayekula, na mtu anayeamka alfajiri kumtoa tunduni kabla ya jua kuchoma, akampaka dawa ya kukinga jua masikioni. Ulezi wa yule wa mbali unafika mahali. Mimi sioni haya kusema kwamba mtoto anayetaka mnyama wa kiooni ningemtafutia huyu.

Mashuhuri wao ni Magawa. Alizaliwa Morogoro Novemba 2013, akapelekwa Kambodia mwaka wa 2016, akagundua mabomu na masalia ya silaha zaidi ya 100. Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani yake ya dhahabu, naye akawa panya wa kwanza kuipata. Juni 2021 alipumzishwa kwa uzee. Wiki yake ya mwisho alicheza kama desturi yake, kisha akazidi kulala na kukiacha chakula, na Januari 2022 akafa. Mwenye yai la Japani, kiumbe chake kikifa, hubonyeza vifungo na kingine kikaanguliwa. Huko Morogoro mkufunzi humchukua panya mchanga wa wiki chache, ambaye macho yake ndiyo kwanza yamefumbuka, akamweka kifuani mwake akatembea naye, ili aizoee harufu ya mtu.